Mpishi Hali, Anaonja

Mwezi uliopita niliurudisha mkoba zahanati: mashine ya presha, kipima sukari, mizani, utepe wa kupimia kiuno, na kitabu cha kaya ambacho jalada lake limeliwa na mende. Muuguzi aliyeupokea alikagua kila kitu kama mtu anayepokea ng'ombe wa mahari, kisha akaniuliza kama nina neno kwa wahudumu wapya wa afya ya jamii. Nikamwambia ninalo, ila ni refu. Akasema niliandike.

Sina umri wa kustaafu. Nina miaka arobaini na tisa, na wenzangu wa shule ya upili ndio kwanza wanazoea viti vyao vya ofisini. Lakini goti langu la kushoto limekataa vilima vya Khwisero, na kazi hii ni ya miguu kabla ya kuwa ya kitu kingine chochote. Isitoshe, sijawahi kukaa mahali hadi nikapachoka. Mimi huondoka nikiwa bado napapenda, halafu nikashinda nikipakumbuka.

Nilizaliwa Likuyani, katikati ya mahindi. Baba alilima kipande cha shamba lililokuwa la mzungu, na mstari wa kwanza wa mahindi ulianza hatua nne kutoka mlangoni. Mchana tulikula ugali, usiku ugali, asubuhi uji wa unga ule ule. Nilipomaliza kidato cha nne nikashuka hadi Buyangu, ukingoni mwa msitu, nikapata kibarua cha kupalilia miche na baadaye cha kuwaonyesha wageni njia za msituni. Huko nilijifunza majina ya ndege na kutembea kutwa bila kulalamika. Bado nikisikia harufu ya majani mabichi yaliyonyeshewa, moyo unanivuta. Kisha nikaoa Khwisero, nikanunua shamba dogo huko, na kijiji kikanichagua kuwa mhudumu wa afya. Sababu aliitoa mzee wa mtaa mbele ya kikao kizima: "Huyu Wafula hakai nyumbani. Afadhali atembee na kazi."

Siku ya kwanza nilipewa mizani na kitabu, basi. Nikaiweka mizani kwenye ua wa nyumba ya kwanza, mama mmoja akapanda, nikaandika. Aliposhuka nikaisogeza kidogo kivulini, akapanda tena kwa kutaka tu, akawa amepungua kilo nne. Alinitazama kwa huruma. Kuanzia siku hiyo nilibeba kipande cha mbao bapa mgongoni, nikawa kila ninapofika naweka mbao kwanza, mizani juu yake, ndipo mtu anapanda. Mbao hiyo sikuirudisha. Ni yangu, na ukitaka kazi yako iaminiwe, tafuta yako.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba kwetu mizani ikipanda watu hufurahi. Niliwahi kumwambia mwanamume mmoja ameongeza kilo sita, akamwita mkewe aje asikie, wakasema Mungu ni mwema. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia ile furaha ndiyo ugonjwa wenyewe?

Aliyenifundisha kazi ni Sista Jenipher, muuguzi mkuu wa zahanati yetu wakati huo, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mpira mwaka mzima. Siku moja aliniuliza, "Wafula, mgonjwa wa kisukari unamwambianga nini?"

"Namwambia apunguze ugali. Ale kidogo."

"Kidogo cha nani?"

Akachukua sahani ya bati, akafungua chupa ya rangi ya kucha, akaichora mistari miwili myekundu. Nusu nzima mboga. Robo kitoweo: kuku, omena, mayai, maharagwe. Robo iliyobaki ugali, usiozidi ngumi ya mwenye kula. "Sasa umemwambia kitu," akasema. Sahani hiyo nilitembea nayo miaka mingi, na watu wengi walidhani naomba chakula.

Mtu anayeambiwa apunguze ugali wa mahindi meupe hukimbilia ule wa mtama na wimbi. Kwa sababu ni mweusi na watu huuita ugali wa wagonjwa, huula kama dawa, na dawa ukizidisha si utapona haraka? Nilimkuta mtu amejiwekea vilima viwili. Rangi ya unga si kinga. Ni wanga vilevile, na kipimo ni kile kile, ngumi.

Sasa nije kwa Mama Ayub. Mtu akiniuliza miaka yangu yote ilikuwa ya nini, jibu ni yeye.

Mama Ayub alikuwa mpishi wa matanga. Wageni wa maziko kwetu ni mamia, na mtu hajala kama hajala obusuma, yaani ugali, hata ukimpa nyama sufuria nzima. Kwa hiyo anayesonga ugali wa matanga ni mtu mkubwa. Mama Ayub alikuwa anaitwa kutoka vijiji vya mbali, hata ng'ambo ya mto. Alikuwa na mwiko wake mwenyewe, mrefu kama mpini wa jembe. Akifika hufunga leso kiunoni, huvua viatu, huchimbia vidole vya miguu ardhini, ndipo huanza kusonga. Alikuwa mnene, mwenye sauti nene, na unene ule ulikuwa sifa yake. Nani angemwamini mpishi mwembamba?

Nilimkuta kwake siku moja ameketi, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Alisema ana kiu isiyokwisha na usiku analala nusu, nusu nyingine yuko chooni. Nikamwomba avue viatu. Hili ninawasihi: waambieni watu wavue viatu, kila ziara, hata wakiwacheka. Kidole cha pili kutoka mwisho, mguu wa kulia, kilikuwa na kidonda kilichoingia ndani.

"Hiki umekipata lini?"

"Kuni ilinikwaruza. Siku mingi. Lakini haiumi."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kidonda kama kile kinapaswa kuuma. Kipima sukari kilisoma kumi na nane, karibu mara tatu ya kiwango cha mtu mwenye afya.

Hospitali walimwanzishia vidonge, wakamsafisha kidonda, na daktari wa kliniki ya kisukari akamwambia waziwazi: sukari isiposhuka, watakata kidole, na wakianza kukata hakuna ajuaye wataishia wapi. Aliporudi alikuja kwangu moja kwa moja, akasimama mlangoni.

"Wafula, ile mwiko yangu haiendeshwi na mtu wa mguu moja. Niambie cha kufanya nifanye."

Daktari alikuwa amemwambia apunguze mwili na vyakula vya wanga. Mimi, kwa bidii yangu, nikamwambia aviondoe vyote: ugali, uji, viazi vitamu, mihogo, ndizi mbivu, sukari ya chai, na miwa ambayo alikuwa akitafuna njiani bila kuiita chakula. Mahali pake aweke mboga za majani, yaani saga, miroo, mrenda na kunde, kisha mayai, omena, kuku, parachichi na maziwa lala. Yote hayo yalikuwa uani kwake au sokoni hatua chache. Ilikuwa Jumamosi. Nilipanga Jumatatu nimwarifu Sista Jenipher.

Jumapili mchana mumewe, Baba Ayub, alifika mbio kwangu. Mama Ayub alikuwa amekaa chini katika shamba la maharagwe, anatetemeka, jasho linamtiririka, anazungumza maneno yasiyoshikana. Nilipima: sukari imeshuka mno. Nikaagiza chai yenye sukari nyingi, haraka.

Baba Ayub alikuwa anakoroga na kuninong'onezea kwa hasira. "Jana umekataza bibi yangu sukari. Leo unaiomba. Wewe unajua kazi yako kweli?"

Mama Ayub aliinywa, akapata nafuu mbele ya macho yetu, tukampeleka hospitali. Vidonge alivyokuwa akimeza vilikuwa vya kushusha sukari, na mimi nilikuwa nimeondoa chakula ambacho vidonge vile vilihesabiwa juu yake. Daktari alimpunguzia dozi siku hiyo hiyo na akakubali mpango wa chakula, kwa sharti apimwe mara kwa mara. Sista Jenipher hakunipigia kelele. Alinifanya niandike katika ukurasa wa kwanza wa kitabu changu: Dawa kwanza, sahani baadaye. Ukurasa huo bado umo. Yeyote aliye na vidonge vya kisukari au sindano, usiguse sahani yake kabla daktari hajajua. Nusu ya kazi hii ni kujua yale ambayo si kazi yako.

Baada ya hapo mambo yalianza kwenda. Wiki za kwanza aliumwa kichwa na kuwa na hasira, na kila mtu wa boma aliipata. Kisha kiu ikaisha, usingizi ukarudi, mizani ikaanza kushuka. Nilikuwa naenda kila Jumatatu na kila Alhamisi na mbao yangu, nampima, natazama kidole, naandika.

Unene ulipoanza kuyeyuka, Baba Ayub aliniita kando ya boma la ng'ombe.

"Mulembe, Wafula."

"Mulembe, mzee."

"Mke wangu ameisha. Juzi kinuni nikisaga unga mtu ameniuliza kama mahindi yangu ilikauka. Mwingine ananiambia nimpeleke kwa maombi. Mimi nina ghala imejaa, na bibi yangu anakula majani kama mbuzi."

"Anakula kuku pia, mzee."

"Anamaliza kuku! Kila siku naona jogoo mmoja amepungua."

Nilimwambia twende tukatazame kidole pamoja. Hakuwa amewahi kukitazama. Mama Ayub alinyoosha mguu, na Baba Ayub akainama, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo wanataka kukata?"

"Ndiyo hiyo," mkewe akasema. "Wewe endelea kusikiliza watu wa kinu."

Wiki iliyofuata nilikuta vifaranga kumi na viwili wapya kwenye tenga. Baba Ayub ndiye aliyewaleta.

Lakini kidole hakikufunga. Kilikauka kidogo, kikachimbuka tena. Nikakaa na kitabu changu, nikapitisha kidole juu ya namba. Alhamisi zote sukari ilikuwa nzuri. Jumatatu nyingi ilikuwa juu, na Jumatatu zilizokuwa nzuri zilikuwa zile ambazo hapakuwa na maziko Jumamosi. Kwetu maziko ni Ijumaa na Jumamosi. Nikamwuliza.

"Mama Ayub, kwa matanga unakulanga nini?"

"Sikuli. Mpishi hali. Tangu nianze kupika mimi sijaketi na sahani kwa matanga ya mtu. Uliza mtu yeyote."

Niliuliza. Wote walisema kweli, hajaketi. Kliniki ilikuwa baada ya wiki tatu, na daktari alikuwa ameshasema akikikuta kidole vilevile atamwandikia kwenda kukatwa. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, yalipotokea maziko kijiji cha pili, nilimwomba nikae jikoni. Akasema nikae, lakini nikamenye vitunguu.

Nilimenya vitunguu tangu saa moja asubuhi. Mfuko wa kulia wa suruali yangu ulikuwa na punje za mahindi. Kila nilipomwona Mama Ayub akitia kitu kinywani, nilihamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto.

Alisonga sufuria ya kwanza. Ilipokaribia kuiva alimega tonge la ukubwa wa yai, akalipuliza, akalichovya mchuzi, akatafuna amesimama, akasema bado. Baada ya kitambo akamega tena, akasema tayari. Punje mbili. Ugali ulipopakuliwa alikwangua ukoko wa chini, ule mkavu wenye harufu ya moshi, akaula huku akiongea na wenzake. Punje. Wapishi wakaletewa chai ya sukari, akanywa amesimama. Punje. Sufuria ya pili, ya tatu, ya nne. Kila sufuria na matonge yake, kila sufuria na ukoko wake. Wageni walipoketi kula, yeye alisimama pembeni mikono kiunoni, anawatazama, hajagusa sahani. Alijivuna kwa haki yake yote.

Jioni vyombo vilipokuwa vinaoshwa nilikaa naye juu ya gogo, nikachukua ungo, nikamwaga mfuko wa kushoto.

"Hizi ni nini?"

"Ni wewe. Kila punje ni kitu kilichoingia kinywani leo."

Alitazama. Akazisogeza kwa kidole, kama anayetafuta changarawe.

"Wafula, hiyo si kula. Hiyo ni kuonja. Nitajuaje kama imeiva?"

"Sijui. Wewe ndiye mpishi. Lakini kidole hakijui tofauti."

Mwenzake mmoja, Mama Rodah, aliyekuwa anasikiliza akisugua sufuria, akasema, "Ukoko pia ni kuonja?"

"Ukoko nao," akajibu Mama Ayub polepole, "sijawahi kuuita kitu."

Mama Rodah akacheka hadi akaangusha kisugulio. Mama Ayub hakucheka. Alikaa akitazama mwiko wake ulioegemezwa ukutani, halafu akasema kitu ambacho nimewasimulia wagonjwa wengi tangu siku hiyo.

"Kukhu, nyanya yangu, alinifundisha kusonga nikiwa msichana. Alikuwa kipofu. Alikuwa anajua imeiva kwa pua. Ile harufu ya unga mbichi ikiondoka, imeiva. Mimi pia najua kwa pua, tangu zamani. Kuonja ni njaa tu."

Jumamosi iliyofuata nilirudi kumenya vitunguu. Mama Ayub alisonga, akainamia mvuke, akafunga macho, akavuta pumzi. "Bado." Akasonga tena, akavuta. "Sasa." Mama Rodah akamega, akaonja, akatikisa kichwa kukubali, kidogo kwa kinyongo kwa sababu alikuwa ametumaini kumkuta amekosea. Ukoko wakapewa kuku. Saa sita Mama Ayub alivuta kiti, akajipakulia sahani ya saga, kipande cha nyama na parachichi, akaketi. Wanawake wote wa jiko wakageuka.

"Mpishi anakula?" mmoja akauliza.

"Mpishi anakula," akasema. "Na nyinyi mzoee."

Jumatatu ile kipima sukari kilisoma saba. Nilikitikisa, nikachukua kijiti kingine, nikapima tena. Saba. Wiki ya tatu tulikwenda kliniki wote watatu, Baba Ayub akiwa amevaa koti la kanisani. Daktari alifungua bandeji, akabonyeza pembeni, akabonyeza tena. Akasema kimeanza kufunga, waendelee hivyo hivyo, na kukata tusubiri. Baba Ayub akauliza, "Kusubiri mpaka lini?" Daktari akasema, "Mpaka kusiwe na cha kukata."

Kilifunga. Kilichukua miezi, lakini kilifunga. Vidonge vilipunguzwa kwa hatua, na daktari ndiye aliyevipunguza, si mimi. Anabaki na kimoja, na anapimwa hadi leo, maana ugonjwa huu haufukuzwi. Hulazwa tu, nawe unakaa mlangoni. Magauni yake yote yalipelekwa kwa fundi kupunguzwa. Baba Ayub alianza kuwaambia watu wa kinu kwamba ameoa mwingine, na wapo walioamini.

Baada ya hapo sikuhitaji kueleza sana. Wagonjwa wa vijiji vile walikuja kutazama. Mtu akisema haiwezekani Mluhya akaishi bila kilima cha ugali, nilimjibu aende matanga ya Jumamosi, amtazame anayesonga. Tulikuwa na kikundi, baadaye viwili, wanawake na wanaume wenye sahani za mistari myekundu. Si wote waliofaulu. Wengine walichoka, wengine dawa ilibidi iongezwe, na hilo si aibu. Lakini nimeona viuno vikirudi ndani ya mikanda ya zamani, na nimemwona mtu aliyeletwa kwa toroli akirudi na toroli lenyewe likiwa limebeba kuni.

Siku ya kuniaga, wahudumu wote walikutana kwenye ua wa zahanati. Sista Jenipher, aliyestaafu zamani, alikuja na viatu vyake vya mpira. Mama Ayub aliombwa apike, na kabla hajawasha moto aliiona mizani juu ya mbao yangu.

"Kabla haujarudisha, panda."

"Mimi?"

"Kwani kuna Wafula mwingine? Panda."

Nilipanda. Akainama kusoma, akamwita Sista Jenipher naye asome, wakatazamana.

"Goti," akasema Sista Jenipher. "Anasema ni vilima."

"Vilima iko kwa tumbo," akasema Mama Ayub. "Leo utakula sahani yangu, na usinililie mbele ya watu."

Kisha akaenda motoni. Maji yalikuwa yamechemka, unga ulikuwa umeingia. Alifunga leso, akavua viatu, akavisukuma pembeni. Mazoea ni mazoea, macho yangu yakashuka yenyewe hadi chini. Mguu wa kushoto, vitano. Mguu wa kulia, vitano, kimoja kina kovu linalong'aa na kimepinda kidogo, kama mtu aliyegeuka kusikiliza.

"Unatazama nini?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nahesabu."

"Hesabu vizuri," akasema, akavichimbia ardhini vyote kumi, akashika mwiko kwa mikono miwili.